Tunawafundishaje wagonjwa kuivuka ile saa mbaya? Kliniki wanaelewa, nyumbani hawatumii

NesiWaPasua (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Mi ni nesi, niko Moshi, kituo chetu kina kliniki ya afya ya akili siku moja kwa wiki na mwaka huu tumeanzisha kagrupu ka wagonjwa wanaopata vile vipindi vya kufurika, yaani mtu asubuhi yuko sawa kabisa anauza nyanya zake Mbuyuni, jioni neno moja la mume au meseji moja tu kwenye simu na kila kitu kinalipuka. Mmoja anavunja vyombo, mwingine anajiumiza, mwingine anaingia kwenye pombe mpaka kunakucha, mwingine anajikunyata kwenye kona anatetemeka moyo unaenda mbio anaamini ndo anakata roho. Wapo wa sonona, wapo wa wasiwasi, wapo waliopitia mambo mazito utotoni, na wapo ambao daktari hajawapa jina la ugonjwa bado.

Dawa ni za daktari. Mi na dada wa ustawi wa jamii tumepewa kazi ya kuwafundisha namna ya kuivuka ile saa bila mtu kujidhuru wala kuharibu. Tunafuata masomo ya DBT, ile tiba ya mazungumzo inayofundisha mtu kuzimudu hisia kali, ya Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, mwongozo wake ulitoka 1993 na wengi mnaufahamu. Maji baridi usoni, kuuchosha mwili, kupumua taratibu, kukaza na kulegeza misuli, kujishughulisha na kitu kingine, kuandika faida na hasara za kufuata ile hamu, na kadhalika.

Sasa shida. Darasani wanaelewa aisee, ukimuuliza mama fulani ukipandwa utafanyaje anakutajia zote kama anaghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Wiki inayofuata anakuja mkono umefungwa bandeji, namuuliza vipi lile la kupumua, ananijibu "sista pale mi hata jina langu silikumbuki, nitakumbuka kupumua?" Na ana haki kabisa.

Hafu kuna mengine madogo madogo. Nusu ya grupu hawapendi kusoma, karatasi wanafungia mandazi. Februari Moshi mjini maji ya bomba yanatoka ya moto kama yamechemshwa, baridi utaitoa wapi. Na kuna mmoja mkwe wake alimkuta kainamia beseni la maji usiku, asubuhi ukoo mzima ukajua kuna mganga kaingia nyumbani.

Wenye uzoefu nisaidieni, mnafundishaje mpaka kitu kinaingia kwenye mwili na sio kichwani tu?

MzeeWaKibosho

Mwanangu nesi pole na kazi, Mungu akubariki. Ila mimi ni mtu mzima niruhusu niseme. Zamani mtu akipatwa na uchungu hakuna aliyempa karatasi. Alichukua jembe akaenda kupalilia kihamba mpaka jua linazama, akirudi mgongo unamuuma kuliko moyo. Au jumuiya inakuja inakaa naye, wanasali rozari, wanakula, wanasali tena, hakuna anayemwacha peke yake. Yanapita. Leo mnaleta beseni kutoka Marekani. Sibishi, nauliza tu, yale yetu yalikuwa na ubaya gani?

SistaMstaafu_Sakina (Arusha)

Shikamoo mzee wangu wa Kibosho. Hayakuwa na ubaya wowote, na nitakwambia kitu utacheka. Mwaka 2001 kuna watafiti wa Italia walitoa makala kwenye jarida la BMJ, walichukua watu 23 wazima wa afya wakawasalisha rozari kwa Kilatini, Salamu Maria ile, wakapima pumzi na moyo. Pumzi zikashuka zenyewe mpaka kama sita kwa dakika, na hiyo ndo spidi ileile tunayoihangaikia sisi kliniki na saa mkononi, maana mtu wa kawaida ametulia anapumua kama mara kumi na mbili mpaka ishirini. Siri ni kwamba ile sala ni ndefu, unaitoa kwa pumzi moja inayotoka polepole. Kwahiyo mzee jembe lako ni mazoezi makali, jumuiya yako ni kutoachwa peke yako, rozari yako ni pumzi. Beseni ni kwa ajili ya yule ambaye saa nane za usiku hana jembe wala jumuiya.

Sasa mdogo wangu nesi nije kwako. Mi nimestaafu, nimezungukia wodi za akili miaka mingi, nitakwambia ninavyoona na wengine watanipinga.

Kwanza acha kufundisha kwa mdomo. Wakiingia tu chumbani usianze na maelezo ya ubongo, anza na mwili. Kila mtu ashike kifundo cha mkono wake ahesabu mapigo sekunde thelathini azidishe mara mbili, asiyejua kuzidisha ahesabu dakika nzima, mwandikie namba ubaoni. Hafu wasimame, wakimbie palepale waliposimama mpaka wahemee juu juu. Wahesabu tena. Sasa ndo unaleta maji. Anainama, anabana pumzi, uso unaingia majini kuanzia paji la uso, macho na mashavu, sekunde kama 30 au pungufu akishindwa, mwili unadhani umezama kwahiyo moyo unapunguza mwendo, ni maumbile tu, hata mtoto mchanga analo hilo. Ahesabu tena mwenyewe. Nilikuwa na mama mmoja muuza dagaa, mbishi huyo, alihesabu kwa sauti, akahesabu tena, akasema "hii saa yako imeharibika sista" akaazima ya jirani. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumshawishi kitu, kaona moyo wake mwenyewe unatii.

La barafu ni rahisi, kila mtaa kuna duka la mangi lenye friza na barafu za ubuyu za watoto. Funga kwenye kipande cha kanga, weka juu ya macho na mashavu huku umeinama na umebana pumzi. Usiweke barafu tupu kwenye ngozi muda mrefu itaunguza. Maji pia yasiwe barafu kabisa, nyuzi 10 kwenda juu inatosha, hivyo watu wa Machame maji yenu ya Julai yachanganyeni kidogo msije mkaua mtu kwa wema. Na mtungi jamani, maji ya mtungi wa udongo uliokaa kivulini hata Februari yanakuwa na baridi ya kutosha.

Pili, usimfundishe mtu akiwa ametulia tu hafu ukategemea atatumia akiwa ameungua. Lazima umpandishe kidogo hapohapo kliniki. Sio kumkumbusha aliyembaka, hapana, usiguse hilo, hiyo ni kazi nyingine na ina watu wake. Mwambie akumbuke kitu cha kukera tu, mbuzi wa jirani kala mboga zake, au kondakta kambania chenji. Akikunja uso, ndo anafanya pumzi. Akitulia, mpandishe tena. Anajifunza njia ya kurudi, na njia unaijua kwa kuipita.

Tatu, moja tu kwa wakati. Huo mpango kamili wa Linehan somo moja ni kama saa mbili na nusu, kila wiki, wiki 24, na mara nyingi unarudiwa ndo unakamilisha mwaka. Wewe una saa moja na mtoto analia nje. Chagua maji na pumzi, wiki nne nzima ni hayo tu, watachoka, waache wachoke, kitu ambacho mtu kimemchosha ndo kitakuja chenyewe saa ile ambayo jina lake halikumbuki.

Nne hili ni langu. Wazungu wanauliza "kutoka sifuri mpaka kumi uko wapi", wengi wetu anakujibu kumi kila siku. Mi nauliza yamefika wapi. Magotini? Kiunoni? Kifuani? Shingoni? Kila mtu anajua yakimfika shingoni inakuwaje, anakuonyesha kwa mkono. Basi tunakubaliana: yakiwa magotini mpaka kiunoni bado una akili ya kuongea na kutatua, ongea. Yakifika kifuani usiongee na mtu, usijibu meseji, ondoka pale ulipo ukafanye mwili kwanza. Wengi wanashindwa sababu wanasubiri yafike utosini, pale hata mimi mstaafu sitakumbuka.

Na akirudi wiki ijayo usimuulize "ulitumia?" hilo swali la mwalimu mkuu, atakudanganya. Mwambie nisimulie ile siku tangu asubuhi. Alikula? Alilala? Nani alisema nini, yeye akawaza nini, mwili ukafanyaje, akafanya nini. Utakuta mlango ulikuwa saa kumi jioni na yeye anatafuta mlango saa tatu usiku.

ChaliiWaToyo (R Chuga)

Sista shkamoo. Mi sio mtaalam wa chochote mi ni mgonjwa, au niliwahi kuwa, sijui mnaandikaga vipi kwenye mafaili yenu. Naendesha toyo hapa Arusha, kijiwe kiko upande wa Ngarenaro, nilikuwa na hasira mbaya asee, sio hasira za kawaida, abiria akinizingua mia tano nasikia masikio yanaziba hafu kinachofuata naambiwa na washikaji. Nyumbani ndo sitaki kuongea. Baadae ikageuka ikawa sio kupiga watu ni kutaka nijimalize mwenyewe, ndo maza akanikamata mkono mpaka hospitali.

Nachotaka kumwambia nesi ni kwamba zile karatasi hatusomi. Usijisumbue. Ila kuna vitu viwili vilinishika.

Cha kwanza breki. Yule dokta kijana aliniambia we chalii breki za toyo unazijaribu wapi, nikamwambia asubuhi kabla sijatoka, akasema sio mteremkoni? nikacheka. Akasema basi kila asubuhi kabla hujawasha pikipiki vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita, dakika mbili tatu, hata kama unajisikia fresh, hasa kama unajisikia fresh. Nikawa nafanya nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, washikaji wanajua nasali, poa tu. Sasa siku likija lenyewe mwili unaanza wenyewe kutoa pumzi ndefu kabla mi sijaamua.

Hapo pia niseme, usimwambie mtu "vuta pumzi kwa nguvu". Mi nikivuta sana kizunguzungu kinakuja, vidole vinawasha, nahisi nakufa kweli. Niambie TOA. Kutoa ndo dili, kuvuta kutajipa.

Cha pili voisi. Dokta aliniambia nijirekodi mwenyewe WhatsApp siku niko sawa, najiongelesha mimi kwa sauti yangu kilugha cha kijiweni, "oya, ushafika kifuani wewe, paki pikipiki, toa ufunguo mpe fulani, nenda kwa mangi chukua barafu, hii kitu ilishawahi kuja na ilipita". Nimejitumia, nimeibandika juu kabisa. Mtu akikwambia tulia unataka kumpasua, ila ukijiambia mwenyewe kwa sauti yako huwezi kujipiga. Na mtu asiyejua kusoma anaweza, ni kubonyeza tu.

Washikaji wawili kijiweni wanajua. Nikiwapa ufunguo hawaulizi. Hiyo ufunguo ni muhimu kuliko yote maana nikiwa na hasira na pikipiki hapo ndo mauti ilipo.

MzeeWaKibosho

Kijana umenena. Sista marahaba, hiyo ya rozari nitaipeleka jumuiyani Jumamosi, ila sitawaambia ya beseni.

DadaMshauri (Njiro)

Naomba niingilie, kila kitu kilichosemwa hapo juu nakubali ila kuna hatari moja sijaona mtu kaigusa na kwa huku kwetu kaskazini ndo kubwa kuliko ya barafu.

Hizi mbinu ni za kuvuka saa, sio za kuvumilia maisha. Mwanamke wa kwetu toka kwenye kitchen party anaambiwa vumilia, mama yake anamwambia vumilia, mchungaji anamwambia vumilia, hafu anakuja kwa nesi naye anamfundisha namna ya kutulia akishapigwa. Unaona tunapoelekea? Nimekaa na akina mama wanaojua kupumua vizuri kuliko mimi na wanapumua ili wasilie wakati kipigo kinaendelea. Huyo hahitaji beseni. Huyo anahitaji kwanza uulize ukiwa naye peke yake, mlango umefungwa, mume yuko nje na hasikii, nyumbani uko salama? Kama hapana basi kazi inabadilika, kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, kuna ustawi wa jamii, kuna ndugu gani wa kumpokea usiku. Kama kuna mtoto anayeumizwa ipo namba 116 bure. Mbinu atafundishwa, ila kwa kazi nyingine, awe na kichwa kilichotulia cha kupanga anatokaje.

Na ile ya "kukubali hali kama ilivyo" kwenye masomo ya Linehan, hiyo ifundishwe kwa uangalifu sana. Yeye mwenyewe mwaka 2011 alisema hadharani kwamba akiwa binti wa miaka 17 alilazwa hospitali ya akili Hartford, Connecticut, na alijidhuru sana, kwahiyo hakuandika mambo haya akiwa kwenye kiti cha enzi. Kukubali kwake maana yake ni kuacha kupigana na kilichokwisha tokea ili nguvu ibaki ya kubadilisha kinachobadilika. Mtoto amekufa, amekufa. Shamba la baba limeuzwa, limeuzwa. Lakini kipigo cha Ijumaa ijayo hakijatokea bado, huwezi kukikubali. Mi huwa nawapa mfano huohuo wa shamba na wanaelewa haraka, maana nani Kilimanjaro hajui kesi ya shamba.

La pili ni fupi. Yule anayesema anataka kufa, mbinu pekee hazitoshi, mtengenezee mpango wa usalama ukiwa naye, kwa maneno yake. Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani ndo waliupanga vizuri: dalili zake yeye za kwamba saa inakuja, kitu anachoweza kufanya mwenyewe, mahali pa kwenda penye watu, mtu wa kumwambia ukweli, mtaalamu wa kumfuata, na mwisho kuondoa vya hatari nyumbani. Hiyo ya mwisho watu wanairuka na ndo inaokoa. Sumu ya mimea na dawa za hospitali ziwe kwa mtu mwingine, kabati lina kufuli na ufunguo yeye hajui uko wapi. Ile ya chalii kutoa ufunguo wa pikipiki ni hiyohiyo, hakusomea popote. Kuna utafiti wa 2018 kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliofika dharura hospitali, waliopewa huo mpango na kupigiwa simu baadae, matukio ya kujaribu kujidhuru yalikuwa pungufu karibu nusu ndani ya miezi sita kuliko wenzao. Sehemu ya simu usiisahau nesi. Dakika tano, "mama fulani vipi leo, barafu ipo?" Kama hakuna bajeti ya vocha pigania hiyo kabla ya kupigania projekta.

Na akikwambia ana nia na ana njia na ana siku, hapo hakuna grupu, haachwi peke yake hata chooni, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Mwl_Soweto

Mi ni mwalimu tu sekondari, nauliza, hizi zinafaa kwa wanafunzi? Kuna binti Form Three anazimia zimia kila kipindi cha mitihani wanasema mapepo, darasa zima wanafuatia.

SistaMstaafu_Sakina

Mwalimu zinafaa ila kwanza apimwe, kifafa na upungufu wa damu vikaondolewe, usianze na pumzi kwa mtoto mwenye kifafa ukadhani umetibu. Kama hana kitu basi mtoe kwenye kundi la watazamaji, watu wakipungua nayo inapungua. Mwambie ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona, vinne anavyogusa, vitatu anavyosikia, viwili anavyonusa, kimoja anachoonja. Hiyo inamrudisha alipo. Na msimkemee wala msimkanyage miguu, nimeona mengi mashuleni.

Dada wa Njiro asante sana kwa hilo la vumilia, lilikuwa linanikaa rohoni.

NesiWaPasua

Jamani nimesoma yote nimenakili kwenye daftari, asanteni mno, shikamooni wakubwa. Wiki hii nafuta karatasi, tunaanza na mapigo na barafu, na ile ya "yamefika wapi" naiiba bila aibu. Chalii nitakuomba ruhusa kuwasimulia ya voisi bila kutaja wewe ni nani.

Maswali mawili ya mwisho. Moja, mkwe wa yule dada wa beseni nimfanyeje, maana sasa hivi wamemficha hata ndoo. Mbili, nina mgonjwa anatumia propranolol kwa ajili ya kutetemeka, na mwingine ni binti ambaye naona kabisa hali chakula anajitapisha, hawa nao niwaingize kwenye zoezi la maji na kukimbia?

ChaliiWaToyo

Ruhusa ipo sista nesi, hata ukisema ni wa Chuga haina shida tuko wengi.

Huyo mkwe mlete kliniki mpe kazi. Mi maza alikuwa ananiombea huku anapiga kelele, alivyopewa kazi ya kushika barafu na kuhesabu akawa bonge la nesi, saivi anawafundisha wenzie kwenye vikoba.

DadaMshauri (Njiro)

Kweli kabisa, mkwe aje. Usimweleze ugonjwa wa mkwewe bila ruhusa ya mwenyewe, muulize kwanza huyo dada anataka mkwe ajue nini na asijue nini. Hafu mkiwa wote watatu mwache huyo dada mwenyewe amwelekeze mama, "nikishika kifua hivi mama nipe maji ya mtungi usiniulize kitu, nikimaliza nitakuja mwenyewe kuongea." Akina mama wengi wanaropoka sababu hawajui la kufanya na mikono yao.

SistaMstaafu_Sakina

Hao wawili wa swali la pili hapana, maji yawapite kwanza. Propranolol tayari inapunguza mwendo wa moyo na maji baridi yanapunguza tena, vivyo hivyo atenolol na ndugu zake, na yeyote mwenye tatizo la moyo au mapigo ya chini. Binti anayejitapisha chumvi za mwili zinaweza kuwa zimevurugika na moyo wake hauaminiki, huyo hata kukimbia asikimbie mpaka daktari amwone na apimwe damu, na umpeleke upesi maana hilo lenyewe ni ugonjwa unaojitegemea. Wape pumzi ya kutoa ndefu na kukaza misuli: akivuta anakunja ngumi, akitoa anaachia, hafu mabega, hafu uso, hafu miguu. Pima presha na mapigo ya grupu zima kabla hujaleta barafu, andika kwenye kadi ya kila mmoja nani maji na nani pumzi tu, ili hata siku wewe haupo mwenzio asikosee.

NesiWaPasua

Sawa sista, nimeandika. Kesho naongea na daktari kuhusu huyo binti kabla ya grupu.